Zuru Singapore kwa miguu, lakini lichunge joto

LIKIZO ya Desemba huwavutia wengi wenye uwezo kuvuka bahari kujionea miji ya Asia. Singapore ni miongoni mwa iliyo rahisi kuzuru kwa miguu. Sanamu ya Merlion, nusu simba nusu samaki, iliyozinduliwa 1972, inatazamana na maghorofa matatu ya Marina Bay Sands yaliyofunguliwa 2010. Nyuma yake ipo bustani yenye minara 18 mithili ya miti, mirefu zaidi ikifika mita 50. Jioni barabara ya Orchard hupambwa kwa taa za Krismasi.

Matembezi haya hayana kiingilio, na moyo na misuli hufaidika. Hatari ni joto. Nairobi na Singapore zote ziko karibu na ikweta, lakini Nairobi imeinuka karibu mita 1,700 juu ya bahari ilhali Singapore iko ufuoni. Mchana joto hufika nyuzi 30 na zaidi, na hewa imejaa unyevu.

Mwili hujipoza jasho linapokauka. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, jasho hutiririka bila kukauka, na joto hubaki mwilini. Wazee, watoto wadogo, na wenye maradhi ya moyo au kisukari huathirika upesi.

Kwa hivyo, tembea asubuhi na jioni, na saa za adhuhuri upumzike ndani ya majengo yenye hewa baridi. Kunywa maji kabla ya kuhisi kiu. Ya mfereji ni salama huko. Vaa nguo nyepesi za pamba na viatu ulivyozoea, wala si vipya. Beba mwavuli, kwani Desemba ni msimu wa mvua.

Ukihisi kizunguzungu, kichefuchefu au misuli ikikaza, keti kivulini, ulegeze nguo na unywe maji. Mwenzako akianza kupayuka au kuzirai, mmwagie maji, mpepee na upige simu 995 kuita ambulensi.

Jipake pia dawa ya kufukuza mbu, kwa sababu wale wanaoeneza homa ya dengue huuma mchana. Na kabla ya kuondoka, hakikisha umechanjwa dhidi ya homa ya manjano angalau siku 10 mapema. Wasafiri kutoka Kenya hutakiwa kuonyesha cheti chake.