UFAFANUZI WA MANENO: RIDHAA, KIBALI NA WAJIBU

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla hutakiwa mara kwa mara kutia saini au dole gumba katika karatasi zenye neno "ridhaa". Neno hili hutumika katika sheria, utafiti wa jamii na saikolojia, na ni vyema kila mmoja akalifahamu kabla ya kutia saini.

1. Katika sheria. Ridhaa ni watu kukubaliana juu ya jambo moja kwa maana moja. Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, iliyokuwa msingi wa sheria za mikataba katika Afrika Mashariki, ilieleza kuwa ridhaa si ya hiari iwapo imepatikana kwa shuruti, ushawishi usiofaa, hadaa, maelezo yasiyo ya kweli au kwa kukosea.

2. Katika utafiti. Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947, zilizotokana na kesi ya madaktari wa Ujerumani waliowafanyia majaribio wafungwa, ziliifanya ridhaa ya hiari kuwa sharti la kwanza. Mshiriki hana budi aelezwe lengo la utafiti, muda wake na madhara yanayoweza kutokea. Leo inakubalika pia kuwa anaweza kujitoa wakati wowote.

3. Katika saikolojia. Mwaka 1961 Stanley Milgram wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, aliwaambia washiriki kuwa wanasaidia utafiti wa kujifunza. Waliagizwa kumpiga mtu mwengine umeme ambao kwa kweli haukuwapo. Katika jaribio moja, washiriki 26 kati ya 40 walitii hadi volti 450. Ilidhihirika kuwa mtu huona taabu kusema "hapana" mbele ya mwenye madaraka. Kwa hivyo, ukimya wa mwananchi mbele ya ofisa usihesabiwe kuwa ni ridhaa.

4. Kibali si ridhaa. Kibali cha Serikali humruhusu mtafiti kufanya kazi, na Sheha humpokea katika shehia. Hata hivyo, Sheha haridhii kwa niaba ya mkaazi mtu mzima. Mkaazi huulizwa mwenyewe. Kwa mtoto, ambaye kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya Zanzibar Nam. 6 ya 2011 ni mtu aliye chini ya miaka 18, mzazi au mlezi ndiye huombwa ridhaa, na mtoto naye husikilizwa.

5. Wajibu. Sensa ya Watu na Makaazi, kama ile ya Agosti 2022, hufanywa kwa sheria. Hapo mkaazi haombwi ridhaa. Anawajibika kujibu, na Serikali inawajibika kutunza siri zake.

Watumishi wanaokusanya taarifa wanaombwa waeleze mapema kama wanaomba ridhaa au wanatekeleza sheria, na wamsomee kwa sauti asiyejua kusoma. Mwananchi asiyefahamu karatasi aliyopewa ana haki ya kuuliza kwanza, na dole gumba liwe la mwisho.