Kuandika Bahasha za Arusi: Jina la Mgeni Liandikweje?

Kadi za arusi zikiisha kupigwa chapa, watu wa nyumbani hufurahi, wakadhani kwamba kazi ngumu imekwisha. Kazi iliyobaki huonekana ndogo, nayo ni kuandika jina la mgeni juu ya bahasha. Basi hupewa kijana yeyote mwenye mwandiko mzuri aimalize usiku mmoja. Lakini katika nchi ya Meru na Embu ugomvi wa arusi huweza kuanza hapo hapo mezani. Mjane akiandikiwa jina la marehemu mumewe, au mke wa pili asipotajwa, au mzee akipewa bahasha ambayo haijulikani kama ni yake au ya mjukuu wake, bahasha hiyo haikuleta furaha bali uchungu.

Sababu yake ni nyepesi. Maneno yaliyo ndani ya kadi ni yale yale kwa wageni wote. Jina lililo juu ya bahasha ndilo pekee lililoandikwa kwa ajili ya mtu mmoja, nalo humwambia kwamba anajulikana na kwamba anangojewa. Kwa hiyo anayechagua jina la kuandika ndiye anayealika hasa.

MJUMBE NA KADI

Zamani mtu alialikwa kwa kinywa cha mtu. Mjumbe aliyetumwa aliijua njia ya nyumbani kwa mgeni, aliijua rika lake, na alilijua jina analopenda kuitwa mbele ya watu. Katika Tigania na Igembe ujumbe wa posa huandamana na kifurushi maalum cha miraa kiitwacho ncoolo. Kifurushi hicho hakihitaji kuandikwa jina, kwa maana hukabidhiwa wazee mkono kwa mkono.

Arusi za kanisani na desturi ya kuandikiana barua zilikuja pamoja na misheni na shule zake. Waanglikana walifungua misheni Kigari, katika Embu, mwaka 1910. Wamethodisti walifika Kaaga, karibu na mji wa Meru, mwaka 1912. Na Waskoti walianza kazi Chogoria mwaka 1922. Wakatoliki wa Consolata nao walikuwa na vituo vyao. Watu walipojua kusoma, kadi ikachukua kazi ya mjumbe. Lakini kadi haina macho wala masikio. Mjumbe akikosea jina, huweza kuomba radhi pale pale mlangoni. Kadi iliyokosewa hukaa na kosa lake, na pengine huwekwa kabatini miaka mingi.

"BWANA NA BIBI FULANI"

Watu wengi hudhani kwamba njia iliyo sahihi ni moja tu, yaani kuandika "Bwana na Bibi" kisha jina la mume. Njia hiyo imetoka kwa Waingereza. Kwao, katika sheria ya zamani, mke alihesabiwa kuwa mtu mmoja na mumewe, na ni Sheria ya mwaka 1882 iliyompa mwanamke aliyeolewa haki ya kushika mali yake mwenyewe. Ndiyo sababu katika barua mke aliitwa kwa jina la mumewe. Hata hivyo, kwa Waingereza hao hao, desturi ya zamani ya mialiko ilikuwa kuandika jina la mke peke yake juu ya bahasha, na majina ya wote wawili ndani ya kadi. Kwa hiyo hata huko ilikotoka, desturi haikuwa moja.

Katika Meru na Embu mwanamke hakupoteza jina lake kwa kuolewa. Aliendelea kuitwa kwa jina alilopewa na wazazi wake, au kwa jina la mtoto wake, yaani mama wa fulani. Leo wako wanawake wapendao kuandikwa kwa jina la mume, na wako wapendao lao wenyewe. Hakuna aliye na kosa. Kosa ni la mwandishi asiyeuliza. Ikiwa hakuna nafasi ya kuuliza, yafaa kuandika majina yote mawili, kwa mfano: "Bw. Kinyua na Bi. Kagendo." Bahasha ya namna hii haimkosei mtu, na kila mmoja hujua kwamba ameitwa.

MAJINA YA WAZEE

Wanaume wengi wa Kimeru walio wazee wana majina yanayoanza na herufi M yenye alama ndogo ya ritifaa, kama vile M'Mukindia au M'Ikiara. Wako pia wanawake wazee ambao majina yao huanza na Cio. Vijana wanaoandika kwa haraka huacha alama hiyo, au hulikata jina lionekane la kisasa. Haifai kufanya hivyo. Mzee amekaa na jina lake miaka sabini au themanini, wala hakuna aliyepewa ruhusa ya kulifupisha kwa sababu ya nafasi ya bahasha.

Kadhalika herufi za jina zifuate mwenyewe anavyoandika. Katika Kimeru sauti ya "ch" huandikwa kwa herufi c, lakini watu wengi huandika majina yao kwa ch. Hivyo mmoja ni Gaceri na mwingine ni Gacheri. Mpiga chapa asiwasahihishe.

Huko Embu kuna jambo jingine la kuangaliwa. Kwa desturi mwana wa kwanza hupewa jina la baba wa babake, na binti wa kwanza jina la mama wa babake. Desturi hii ni nzuri, kwa maana jina la mzee halipotei. Lakini matokeo yake ni kwamba katika boma moja huweza kuwapo Njeru wawili, babu na mjukuu, au Wanjira wawili, nyanya na mjukuu. Bahasha iliyoandikwa "Njeru" tu itachukuliwa na yule aliye karibu na mlango. Dawa yake ni kuongeza neno la heshima na jina la pili: "Mzee Njeru," likifuatwa na jina la baba yake; na kwa kijana, jina lake la ubatizo au la shule pamoja na la ukoo.

WAJANE NA NYUMBA ZENYE WAKE WAWILI

Mjane ndiye mtu ambaye bahasha yake yahitaji uangalifu zaidi ya zote. Akiandikiwa "Bw. na Bi." kwa jina la marehemu, atafikiri kwamba wenye arusi hawakusikia msiba wake, au wameusahau. Yafaa aandikwe jina lake mwenyewe kwanza. Ikiwa jina la mumewe lahitajika ili ajulikane, liandikwe baada ya lake.

Nyumba yenye wake wawili nayo ina taabu yake. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inatambua ndoa ya kimila, na ndoa hiyo yaweza kuwa na mke zaidi ya mmoja. Mtu akiandika "Bw. na Bi." kwa nyumba kama hiyo, amewaachia wanawake wawili swali ambalo si lao: ni nani aliyealikwa? Mume naye ametiwa katika shauri asilolitaka. Gharama ya bahasha ya pili ni ndogo sana kuliko gharama ya ugomvi huo. Kila mke na apate yake, yenye jina lake.

Neno "na jamaa yake" pia liandikwe kwa hadhari. Mji mmoja hulifahamu kuwa ni baba, mama na watoto. Mji mwingine hulifahamu kuwa ni ukoo mzima. Ikiwa viti na chakula ni vya watu sita, yafaa kutaja sita hao, au kuandika "na watoto wao." Mgeni aliyekuja kwa kuaminia neno lililoandikwa hana kosa akikosa kiti.

CHEO NA UNDUGU

Mchungaji, padre, sheikh, daktari, mwalimu na chifu huandikwa cheo chao kabla ya jina. Mke akiwa na cheo chake, naye apewe: "Bw. Mwenda na Dkt. Kendi." Lakini kwanza mwenye arusi ajiulize anamwalika mtu huyo kwa sababu gani. Chifu akialikwa kwa cheo chake, aweza kumtuma naibu wake. Akiwa ni mjomba wa bibi arusi, anaalikwa kwa damu, na nafasi yake haiwezi kushikwa na mwingine. Basi na aandikwe kama ndugu, na cheo kibaki ofisini.

BAHASHA IFIKE

Jina zuri halina faida ikiwa bahasha imepotea njiani. Vijijini posta haipeleki barua nyumba kwa nyumba; barua huwekwa katika masanduku ya posta. Kwa hiyo jina la kijiji au la kata halitoshi. Baada ya jina la mgeni huandikwa S.L.P. na namba ya sanduku, kisha kistari na namba ya posta, halafu jina la mji. Namba ya posta ya Embu ni 60100, ya Runyenjes 60103, ya Meru 60200, ya Nkubu 60202, ya Chuka 60400, ya Chogoria 60401, na ya Maua 60600.

Wengine bado huandika "Meru" kwa kila mtu wa upande ule, kwa kukumbuka wilaya ya zamani. Lakini Chuka na Chogoria leo zimo katika Kaunti ya Tharaka-Nithi, na kila moja ina posta yake. Kinachotakiwa ni mji wenye posta ya mgeni, si jina la wilaya wala la kabila.

Tena watu wengi hawana sanduku lao wenyewe. Hutumia la shule, la kanisa au la chama cha kahawa. Hapo jina la mgeni litangulie, kisha "kwa mkono wa" na jina la shule au kanisa lile. Asiyefanya hivyo asishangae barua ikikaa mezani kwa mwalimu mkuu mpaka arusi ipite. Tangu mwaka 2016 Posta ya Kenya ina pia mpango wa kufanya namba ya simu ya mkononi kuwa anwani, na mwenye simu huarifiwa barua yake ifikapo.

Siku hizi mialiko mingi hupelekwa kwa simu, na vijana huridhika nayo. Hata hivyo kanuni ni ile ile. Ujumbe mmoja uliotumwa kwa watu mia haukumtaja hata mmoja wao, na wazee wengi hungoja karatasi yenye jina lao.

ORODHA ISOMWE KWA SAUTI

Kwa mfano, kijana wa Imenti anamwoa binti wa Runyenjes. Watu wa upande mmoja wa mto Thuci hawawajui wazee wa upande wa pili. Haifai kijana wa Meru abahatishe majina ya wakwe zake, wala binti wa Embu abahatishe kama mzee fulani huandikwa kwa M' au bila hiyo. Kila upande uandike majina ya watu wake, kisha orodha zikutanishwe.

Kabla ya kuzifunga bahasha, orodha yote isomwe kwa sauti mbele ya mama mmoja na mzee mmoja wa kila upande. Wao ndio wanaojua ni nani aliyefiwa mwaka huu, ni nani aliyeoa tena, na ni nani asiyependa jina lake la zamani. Kazi hiyo yaweza kuchukua jioni mbili badala ya moja. Lakini siku ya arusi mjane atakuja ameshika bahasha yenye jina lake mwenyewe, na atakaribishwa kwa jina hilo hilo.