Mizani Haisemi Yote Juu ya Moyo

Watu wengi hudhani kwamba maradhi ya moyo huwapata wanene tu, na ya kuwa mtu mwenye uzito wa kadiri hana haja ya kujihadhari. Dhana hiyo si sawa. Mizani hupima mwili kwa jumla. Haiwezi kupambanua kilicho misuli na kilicho shahamu.

Mfano mzuri ulitolewa mwaka 2004 katika jarida la Lancet la London, lililochapa picha ya madaktari wawili, Yajnik wa mji wa Pune, Bara Hindi, na Yudkin wa London. Kipimo cha uzito wao kwa urefu kilikuwa kimoja, yaani 22.3, nacho si cha mtu mnene. Lakini mwili wa Yudkin ulikuwa na shahamu asilimia 9.1, na wa Yajnik asilimia 21.2. Yudkin alikuwa mkimbiaji wa marathoni. Mazoezi makubwa ya mwenzake, kama walivyoandika kwa mzaha, yalikuwa kuiwahi lifti ya hospitali kila asubuhi kabla milango haijafungwa.

SHAHAMU ILIYOJIFICHA

Shahamu ya hatari zaidi si ile ya chini ya ngozi, bali ile inayozunguka ini na matumbo. Hiyo huzidisha sukari na mafuta katika damu na kupandisha shinikizo la damu, hata polepole mishipa ya moyo ikaziba. Mwenyewe hahisi maumivu, na kwa kuwa nguo zake zamtosha kama zamani, haoni sababu ya kumwendea daktari. Katika uchunguzi wa Mayo Clinic ya Marekani uliotangazwa mwaka 2010, juu ya watu 6,171 wenye uzito wa kawaida, wanawake wenye shahamu nyingi walikuwa na hatari ya kufa kwa maradhi ya moyo na mishipa mara 2.2 kuliko wenzao wenye shahamu kidogo.

KUJIPIMA KWA UZI

Iko njia nyepesi isiyohitaji fedha. Mtu achukue uzi ulio sawa na kimo chake, aukunje katikati, kisha auzungushe kiunoni bila kuvuta tumbo ndani. Ncha zisipokutana, kiuno kimepita nusu ya kimo, na yafaa aende hospitali akapimwe shinikizo la damu, sukari na mafuta.

LA KUFANYA

Haifai mtu huyo ashinde njaa, maana njaa huondoa misuli pamoja na shahamu. Shirika la Afya Duniani lashauri mwendo wa haraka angalau dakika 150 kwa juma, na siku 2 za kazi ya kutia misuli nguvu. Mkulima huipata shambani. Karani na dereva, wanaokaa kitini kutwa, lazima waitafute. Apunguze soda, sukari ya chai, mandazi na chipsi, ale zaidi maharagwe, kunde, samaki na mboga. Chumvi isifike gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai. Tumbaku aiache kabisa.

Huenda baada ya miezi kadhaa mizani ikasoma vile vile. Asikate tamaa, kwani misuli imechukua mahali pa shahamu. Na autwae tena uzi ule ule. Huo ndio utakaompa habari.