Maikrowevu Hupasha Chakula Moto, Lakini Haiondoi Aflatoksini

Bakuli la isyo au muthokoi lililobaki jioni hupata moto kwa dakika chache ndani ya maikrowevu, bila kuwasha jiko la makaa. Hata hivyo, wakazi wa Kitui na Makueni wanakumbushwa kwamba ipo sumu ambayo joto la jikoni haliiondoi.

Mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 wakafariki, wengi wao katika wilaya za Makueni na Kitui za wakati huo, baada ya kula mahindi yenye aflatoksini. Sumu hii hutokana na kuvu wanaoota kwenye nafaka isiyokauka vizuri, nayo huharibu ini. Kupika kwa kuni, gesi au maikrowevu huua kuvu lakini sumu hubaki. Kwa hiyo, mahindi yaliyoota kuvu au kubadilika rangi yasipikwe, wala yasilishwe ng'ombe wa maziwa, kwa kuwa sumu hupita hadi kwenye maziwa.

Kinga huanza baada ya mavuno. Mahindi yaanikwe juu ya turubai, si juu ya udongo, hadi unyevu usizidi asilimia 13.5. Kisha yahifadhiwe mahali pakavu, magunia yakiwa juu ya mbao.

Chakula cha mahindi salama nacho kinahitaji uangalifu. Kiwekwe kwenye friji kabla ya saa mbili kupita tangu kipikwe. Wakati wa kukipasha moto, zingatia yafuatayo:

• Mawimbi ya maikrowevu hutikisa maji yaliyo ndani ya chakula na hivyo kuleta joto, lakini hayafiki kila mahali sawasawa. Nyunyiza maji kidogo, funika bila kubana, koroga katikati ya muda, kisha acha kitulie dakika mbili. Kiwe moto kabisa hadi katikati.

• Tumia bakuli la kioo, la udongo lisilo na nakshi za dhahabu, au la plastiki lililoandikwa kuwa linafaa. Usiweke sufuria, kijiko, sahani ya bati wala karatasi ya alumini. Chuma hutoa cheche.

• Usipashe yai lenye ganda, hulipuka.

• Usipashe maziwa ya mtoto mchanga. Chupa inaweza kuwa vuguvugu huku maziwa ya ndani yakiunguza mdomo.

• Usiwashe maikrowevu ikiwa tupu. Moto ukizuka ndani, acha mlango umefungwa, zima na uchomoe plagi.

Mtu yeyote anayetapika, kuumwa tumbo au kugeuka macho kuwa ya manjano baada ya kula mahindi afikishwe mara moja katika kituo cha afya kilicho karibu. Mahindi yaliyobaki nyumbani yasiliwe na mtu mwingine.