Wageni wa Ifunda

Msafiri atokaye Iringa kwenda Mbeya hupita Ifunda, penye shule ya ufundi. Ni wachache wajuao kwamba hapo palikuwa zamani kambi ya wakimbizi wa Poland.

Mwaka 1939 nchi yao ilishambuliwa na Ujerumani upande wa magharibi, na Urusi upande wa mashariki. Mwaka uliofuata Warusi walizitia jamaa nyingi katika magari ya moshi, wakazipeleka Siberia, na huko njaa na baridi viliwaua wengi. Waliofunguliwa walivuka Bahari ya Kaspi mwaka 1942, wakafika Iran. Isfahan, mji wa Waislamu, ukawapokea mayatima wao. Kisha meli zikawaleta wengine Tanganyika, na baadhi yao wakakaa Ifunda na Kidugala. Wengi walikuwa akina mama na watoto, maana wanaume walikuwa vitani. Hapo wakaanza maisha upya, watoto wakasoma.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, wengi hawakuweza kurudi kwao. Wakatawanyika Uingereza, Kanada na Australia.

Ndugu wasomaji, habari hii si ngeni kwetu. Masahaba wa Mtume (S.A.W.) walipoteswa Makka walikimbilia Uhabeshi, wakalindwa na Najashi, mfalme Mkristo. Basi sisi tulipokewa kwanza, tena katika Afrika hii hii. Tuwafundishe watoto wetu kwamba wakikutana na mkimbizi shuleni au sokoni, wasianze kumwuliza atarudi kwao lini, bali wamkaribishe chakula.