Usimwinue Aliyezimia

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, Kabuga, nchini Rwanda, huamkia Umuganda, kazi ya pamoja ya jamii. Kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tano, maduka yamefungwa na majembe yanazibua mifereji. Mzee aliyeinama kwa muda mrefu hujinyoosha ghafla, macho yakaingia kiza, akashikilia mpini. "Pole mzee, umechoka," jirani humwambia. Kumbe si uchovu tu.

Mtu akisimama, damu ya nusu lita au zaidi huteremkia miguuni na tumboni. Presha hushuka, na ubongo hupungukiwa. Mlinzi wake yuko shingoni, pale mshipa mkubwa unapogawanyika chini ya taya, na mwenzake yuko kwenye mshipa mkuu unaotoka moyoni. Hapo pana neva zinazohisi jinsi ukuta wa mshipa unavyotanuka. Presha ikishuka, ukuta hulegea na taarifa zinazokwenda kwenye shina la ubongo hupungua. Papo hapo shina hilo huachia breki ya neva ya vagasi, moyo ukaenda mbio, huku neva nyingine zikibana mishipa ya miguu na tumbo. Presha ikizidi, kazi hiyo hugeuzwa. Yote haya hupita ndani ya sekunde chache, bila mwenye mwili kutoa amri.

Mbelgiji Corneille Heymans wa Ghent alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1938 kwa kuonyesha jinsi vituo hivyohivyo vya shingoni na vya mshipa mkuu vinavyoongoza pia upumuaji.

Uzeeni mlinzi huyu huchelewa. Kiu, kuharisha na baadhi ya dawa za presha humlemea zaidi. Ndiyo maana daktari hupima presha ya mgonjwa akiwa amelala, kisha akiwa amesimama: namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi ndani ya dakika tatu, ni dalili ya kufuatilia.

Basi tuinuke kwa hatua, na tunywe maji kabla ya kushika jembe. Na mtu akizimia, tusimshike kwapani kumsimamisha, maana tunairudisha damu miguuni. Tumlaze, tuinue miguu yake, tuhakikishe anapumua. Asipozinduka upesi, tuite msaada wa hospitali. Akishalala chini, damu haina mlima wa kupanda kuufikia ubongo.