Konokono na Kichocho

Ndugu msikilizaji, wiki hii twende Mwanga, kwenye Bwawa la Nyumba ya Mungu lililojengwa miaka ya 1960 katika mto Pangani. Wavuvi huingia majini, watoto huoga, na kwenye majani ya kando wametulia konokono wadogo. Baadhi ya jamii zao hueneza kichocho. Zipi?

Vaa glavu, maana hatari imo katika maji yenyewe. Mshike konokono ncha ikiwa juu, mdomo wa gamba ukikutazama. Mdomo ukiwa kushoto, huenda ni Bulinus, jamii ya kichocho cha mkojo. Aliyejiviringa bapa kama sarafu huenda ni Biomphalaria, wa kichocho cha tumbo. Mdomo ukiwa kulia, kichocho si chake, ingawa yumo mmoja awapaye ng'ombe minyoo ya ini.

Gamba pekee halitoshi. Mwaka 1957 mtaalamu wa Denmark, Georg Mandahl-Barth, aliwapanga konokono hawa wa Afrika kwa kuangalia hata meno. Naam, konokono ana meno! Yako safu safu juu ya ulimi, na huonekana kwa hadubini.

Hata hivyo wapo wanaotatiza. Kule Unguja, Bulinus globosus hueneza kichocho, nasutus haenezi, na kwa macho wanafanana mno. Miaka ya 1990 wataalamu walilazimika kupima vinasaba. Huku bara, nasutus naye hueneza. Basi anayemwaga dawa Unguja kwenye kijito cha nasutus amepoteza dawa, na watoto wa kijito cha pili wanaendelea kukojoa damu.